David Livingstone na Viumbe Waliokuwa Wakiisha



Katika ukurasa huu wa maisha ya watumishi waliotutangulia, safari hii tunamtazama Dk. David Livingstone. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba alikuwa mmisionari, daktari na msafiri aliyepinga biashara ya watumwa. Ndugu zetu wenye asili ya Rumonge, Magara na Kabezi wanalijua pia lile jiwe kubwa la Mugere, kusini ya Bujumbura, lenye jina lake na la Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Lakini lipo jambo moja katika maisha yake ambalo halisimuliwi sana. Mtu huyu alikuwapo wakati wanyama na misitu ya Afrika ilipoanza kuuzwa kwa pupa, na aliona jinsi uharibifu huo unavyoanza. Kwa kuwa tunatoka kwenye ufuko wa ziwa ambalo samaki wake wanapungua, na tunaishi mahali ambapo kuni ziko mbali kila mwaka zaidi ya mwaka uliopita, ni vizuri tumsikilize.

MTOTO WA KIWANDANI

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Uskoti. Wazazi wake walikuwa maskini. Familia nzima iliishi katika chumba kimoja, kwenye jengo la wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Alipofika miaka kumi aliingizwa kiwandani kuunga nyuzi zilizokatika, tangu alfajiri mpaka usiku. Baada ya kazi alikwenda shule ya jioni, na huko kiwandani aliweka kitabu juu ya mashine ili asome mstari mmoja mmoja kila alipopita.

Alipenda pia kutembea porini na ndugu zake kutafuta mimea na mawe. Baba yake alikuwa mcha Mungu na aliogopa kwamba vitabu vya sayansi vingempotosha kijana. Livingstone alikuja kuamini kwamba anayechunguza jani au mdudu anachunguza kazi ya Muumba yule yule anayemsoma katika Biblia. Imani hiyo alibaki nayo maisha yake yote, na ndiyo sababu daftari zake za safari zimejaa habari za ndege, samaki, miti na wadudu pamoja na habari za watu.

Mwaka 1836 alianza kusomea udaktari Glasgow, akapokewa na Chama cha Wamisionari cha London, na mwaka 1841 akafika Afrika Kusini. Mwaka 1844 simba alimrukia huko Mabotsa akamvunja mfupa wa mkono wa kushoto. Mwaka uliofuata alimwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari Robert Moffat. Walijenga nyumba Kolobeng, katika nchi ambayo leo ni Botswana, na mwaka 1848 akambatiza mfalme Sechele wa Wakwena. Mwaka 1852 Makaburu walishambulia eneo hilo, na nyumba yake ikaporwa, dawa zikavunjwa na vitabu vikachanwa. Tangu siku hiyo hakuwa tena na nyumba ya kudumu katika Afrika. Msomaji aliyewahi kuacha mlango wazi nyuma yake akakimbia, atamwelewa.

MIFUPA ILIYOGEUKA MALI

Mwaka 1849 Livingstone na wenzake walivuka jangwa la Kalahari mpaka Ziwa Ngami. Huko aliona jambo ambalo baadaye aliliandika katika kitabu chake cha safari. Wenyeji walikuwa wakiwinda tembo kwa ajili ya nyama, lakini pembe kwao zilikuwa mifupa tu. Aliona mara kadhaa pembe zimeachwa zioze pale pale tembo alipoanguka. Mfanyabiashara aliyekuwa katika msafara huo alipata pembe kumi kubwa kwa bunduki moja ya bei rahisi.

Kisha habari zikaenea. Kabla ya miaka miwili kwisha, hapakuwa tena na mtu mahali pale asiyejua thamani ya pembe. Wawindaji walimiminika, na tembo wakaanza kukimbia na kupungua.

Tutulie hapa kidogo, maana ndipo penye fundisho la habari hii yote. Watu wa Ngami hawakuwa wametoka kuwa wema wakawa wabaya katika miaka miwili. Waliwinda zamani na waliwinda baadaye. Kilichobadilika ni kwamba watu wa mbali, ambao hawakuwahi kumwona tembo, walitaka pembe kwa ajili ya vitana, vishikio vya visu na vitufe vya piano. Kiumbe aliyekuwa akichukuliwa kwa kadiri ya njaa ya kijiji, sasa akachukuliwa kwa kadiri ya tamaa ya ulimwengu. Njaa ya kijiji ina mwisho, kwa sababu tumbo hujaa. Tamaa ya soko la mbali haina mwisho.

PEMBE NA MINYORORO

Kati ya 1853 na 1856 Livingstone alitembea kutoka Mto Zambezi mpaka Luanda, kisha akarudi na kuvuka bara mpaka Quelimane, pwani ya Bahari ya Hindi. Alirudi Uingereza akiwa mtu maarufu. Mwaka 1858 serikali ya nchi yake ilimtuma tena Zambezi.

Katika bonde la Mto Shire, nchi ya Malawi ya leo, waliona kinamasi kikubwa kilichojaa tembo. Aliandika kwamba waliweza kuona zaidi ya 800 kwa mara moja. Wazungu wakakiita Kinamasi cha Tembo. Leo ndege bado wako pale, viboko na mamba pia, lakini tembo hakuna. Limebaki jina.

Bonde hilo hilo lilipitiwa na misafara ya watumwa. Livingstone aliona kwamba biashara mbili zilikuwa zikitembea katika njia moja. Mfanyabiashara aliyetaka pembe alihitaji wachukuzi wa kuzifikisha pwani, na njia mojawapo ya kuwapata ilikuwa kushambulia kijiji na kuteka watu. Pembe ikabebwa na mateka, na kule pwani pembe na mateka wakauzwa. Mwaka 1861 yeye na wamisionari wa Askofu Mackenzie waliwafungua mateka katika msafara mmoja. Miongoni mwa waliofunguliwa siku zile alikuwamo kijana wa Kiyao aliyeitwa Chuma. Mkumbukeni jina lake, tutamrudia.

Mwaka 1863 aliporudi katika bonde hilo alikuta vijiji vitupu. Vita vya kuteka watumwa vilikuwa vimewafukuza wakulima mashambani, ukame ukaongeza njaa, na maiti zilielea mtoni. Mke wake Mary alikuwa amekwisha kufa kwa homa huko Shupanga tarehe 27 Aprili 1862. Serikali ikaivunja safari yake na kuona kwamba imeshindwa.

Ni lazima tuseme na upande mwingine, maana mtumishi wa Mungu si malaika. Livingstone mwenyewe aliwinda ili kulisha misafara yake. Aliamini kwamba biashara halali ya pamba na mazao ingeua biashara ya watumwa, kwa hiyo alitafuta njia za kuifungua Afrika kwa wafanyabiashara. Njia zilifunguliwa, lakini waliopita humo hawakuwa wote watu wa pamba. Wawindaji wa pembe walipita, na baadaye wakapita wakoloni. Nia yake ilikuwa njema, ila soko alilolikaribisha halikuwa na mchungaji. Nasi tunapoletewa jambo linaloitwa maendeleo, tuulize kwanza litachukua nini na litamwachia nini mjukuu.

MTUMBWI WA MVULE

Mwaka 1866 Livingstone alirudi kwa mara ya mwisho, akapitia Zanzibar. Alitaka kujua chanzo cha Mto Nile, na alitaka kuendelea kutoa habari za biashara ya watumwa. Mwezi Aprili 1867 alilifikia Ziwa Tanganyika upande wa kusini, na mwaka 1869 akafika Ujiji akiwa mgonjwa sana. Jambo la ajabu ni kwamba mara nyingi aliponea kwa chakula na msaada wa wafanyabiashara wale wale ambao biashara yao aliichukia.

Mwezi Julai 1871, huko Nyangwe katika Kongo, alishuhudia watu wenye bunduki wakiwafyatulia risasi watu waliokuwa sokoni, wengi wao wanawake. Mamia walikufa, wengine kwa risasi na wengine kwa kuzama mtoni. Alirudi Ujiji amevunjika moyo, hana dawa wala bidhaa. Hapo ndipo Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, alipomkuta mwishoni mwa mwaka 1871.

Wengi pale nyumbani husema walikutana Mugere. Ukweli ni kwamba walikutana Ujiji, kisha wakaja Mugere wakiwa pamoja. Katikati ya Novemba walipanda mtumbwi mkubwa uliochongwa kutoka gogo moja la mvule, mti wa milima ya ng'ambo, upande wa Kongo. Wakapiga makasia kuelekea kaskazini, wakiufuata ufuko wa Burundi, wakapita mahali ambapo leo ni Nyanza-Lac na Rumonge. Mahali pengine walidaiwa hongo, mahali pengine walikaribishwa vizuri. Upande wao wa kulia milima ilishuka mpaka majini, na kwenye mabonde palikuwa na vijiji vya wavuvi, migomba na michikichi. Huko Mugere walipokewa na chifu Mukamba.

Walikuwa wanatafuta jibu la swali moja: je, Mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia? Ungekuwa unatoka, huenda ungekuwa unakwenda Nile. Walipofika mdomoni mwake waliona maji yanaingia. Livingstone alisikitika kwa ajili ya Nile, na mwezi Desemba wakarudi Ujiji.

Kwetu sisi jibu lile lina maana nyingine. Ziwa Tanganyika hupokea mito mingi lakini lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, upande wa Kongo. Maji mengi huondoka kwa kukaushwa na jua. Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina cha karibu mita 1,470. Tone la maji likiingia humo hukaa mamia ya miaka. Maana yake ni kwamba udongo unaooshwa kutoka milimani hauna pa kwenda. Mafuta yanayomwagwa bandarini na taka za mjini ni vivyo hivyo. Tukilichafua leo, wajukuu wa wajukuu wetu watakunywa tulichokitia.

SAFARI YA MWISHO

Stanley aliondoka Machi 1872. Livingstone alikataa kwenda naye. Mwezi Agosti alianza safari ya kusini tena, akiugua kuhara damu. Mwanzoni mwa Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Zambia ya leo, wenzake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake kama mtu anayeomba. Alikuwa amekufa.

Chuma, yule kijana aliyefunguliwa kutoka utumwani, pamoja na Susi na wenzao, waliuzika moyo wake chini ya mti wa mpundu. Mwili waliukausha kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaubeba pamoja na daftari zake zote mpaka Bagamoyo, safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Walifika Februari 1874. Alizikwa London tarehe 18 Aprili 1874. Bila watu hao, tusingekuwa na maandishi yake ya miaka ya mwisho. Mtu aliyenyang'anywa kwao akiwa mtoto ndiye aliyeokoa ushuhuda huo. Asiwepo mtu wa kumwambia mkimbizi kwamba hana la kuupa ulimwengu.

Mwezi Juni 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alikubali kulifunga soko la watumwa. Habari alizoandika Livingstone zilikuwa zimechochea sana jambo hilo huko Uingereza. Juu ya uwanja wa soko lile pamejengwa kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini. Soko la pembe halikufungwa. Liliendelea zaidi ya miaka mia moja. Katika miaka ya 1980 pembe nyingi za magendo kutoka nchi jirani zilipitia Burundi, ingawa Burundi yenyewe haikuwa tena na makundi ya tembo. Mwaka 1989 ndipo mataifa yalipokubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe kati ya nchi na nchi.

ZIWA LETU LEO

Wataalamu huuita wingi na utofauti wa viumbe hai kwa neno moja: bioanuwai. Ziwa Tanganyika ni moja ya mahali penye utajiri mkubwa sana wa namna hiyo. Ndani yake kuna zaidi ya aina 200 za wale samaki wadogo wa rangi wanaoishi kwenye mawe, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Wakiisha hapa, wameisha kabisa. Hakuna ziwa jingine la kwenda kuomba mbegu.

Ni nini kinachowamaliza? Tutaje sababu nne.

Ya kwanza ni udongo. Milima iliyo juu ya ziwa ikikatwa miti na kulimwa bila matuta, mvua huusomba udongo mpaka ziwani. Tope hulala juu ya mawe ambako samaki hula na kutaga mayai. Uchunguzi uliofanywa ziwani miaka ya 1990 ulionyesha kwamba mahali palipojaa tope pana aina chache za viumbe kuliko penye maji safi. Kwa hiyo jembe la kule mlimani linamgusa samaki ambaye mwenye jembe hajawahi kumwona.

Ya pili ni uvuvi usiopumzika. Ndagala, ambao Kigoma huitwa dagaa, pamoja na mukeke na sangala, ndio wanaolisha miji yote ya ufuko. Makokoro yanayoburutwa pwani na nyavu za matundu madogo, hata vyandarua, huzoa watoto wa samaki kabla hawajazaa.

Ya tatu ni joto. Mwaka 2003 wanasayansi walitangaza kwamba maji ya juu ya ziwa yamepata joto zaidi kuliko zamani. Maji ya moto hukaa juu ya maji ya baridi kama mawese yanavyokaa juu ya mchuzi, na upepo wa kiangazi hauwezi tena kuyachanganya vizuri. Chakula kilichoko chini hakipandi. Walikadiria kwamba chakula cha msingi cha ziwa kilikuwa kimepungua kwa asilimia 20 hivi, jambo linaloweza kupunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Moshi unaoleta joto hili hautoki katika mafiga yetu tu. Mwingi umetoka katika viwanda na magari ya nchi tajiri. Mvuvi wa Rumonge anatoza jasho, lakini deni ni la wengine pia.

Ya nne ni kukatwa kwa misitu. Kusini ya Rumonge, kando ya barabara ya Nyanza-Lac, upo msitu wa Kigwena, kipande kidogo kilichobaki cha msitu wa bondeni uliokuwa ukipakana na ziwa. Juu milimani, upande wa Vyanda, iko misitu ya miombo yenye sokwe mtu. Hifadhi hizi ziliumia sana wakati wa vita vilivyoanza 1993, kwa mbao, mkaa na mashamba. Hata sokwe walikuwa wakimbizi: miaka ile ya vita, sokwe yatima waliokuwa wakitunzwa Bujumbura walihamishiwa Sweetwaters, Kenya.

Pembeni ya misitu hiyo michikichi imeenea. Tusiulaani mchikichi. Umesomesha watoto wengi wa Rumonge, na mawese na sabuni vinatoka humo. Lakini tukumbuke Ziwa Ngami. Soko likipenda kitu kimoja, kila kitu kingine huonekana hakina thamani: mvule huwa kuni za kuchemshia mawese, na msitu huitwa pori tupu linalongoja kufyekwa.

JAMBO GUMU

Wapendwa, hatuwezi kuandika haya kana kwamba sisi hatuna njaa. Wapo kati yetu ambao wazazi wao walikimbia Rumonge na Nyanza-Lac mwaka 1972. Wapo walioondoka 1993, na wapo walioondoka 2015. Waliorejea nyumbani baadhi yao walikuta mashamba ya baba yao yamepandwa michikichi na watu wengine. Mtu asiye na shamba akiuona msitu wa hifadhi, ataona mahali pa kulima. Na huku ugenini, mama asiye na kuni atakwenda kuzitafuta porini, na mara nyingi huko hukutana na hatari na matusi. Kisha husemwa kwamba wakimbizi ndio waharibifu.

Hakuna mama anayekata mti kwa kuuchukia mti. Wanaogawa ardhi wana wajibu mbele za Mungu wa kuigawa kwa haki, maana msitu hauwezi kulindwa kwa amri peke yake huku watu hawana pa kupanda maharage. Hilo tuliseme bila woga, kama Livingstone alivyoandika bila woga habari za Nyangwe.

Lakini kudhulumiwa hakutupi ruhusa ya kumdhulumu asiyezaliwa bado. Katika Kumbukumbu la Torati 22:6-7 Mungu anamwelekeza mtu aliyekuta kiota njiani: anaweza kuchukua makinda, lakini mama yao amwache aende zake, ili apate heri na siku nyingi. Sheria hiyo haikumnyima mtu mwenye njaa chakula. Ilimwekea kipimo. Na katika Mwanzo 9 Mungu alipofanya agano na Nuhu, hakulifanya na watu tu, bali na kila kiumbe hai kilichotoka safinani. Nuhu mwenyewe alikuwa amepoteza kila kitu isipokuwa alichokiokoa pamoja na familia yake.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tupunguze kuni. Jiko banifu la udongo hutumia kuni chache kuliko mafiga matatu. Akina mama wanaojua kulifinyanga wawafundishe wengine baada ya ibada. Maharage yakilowekwa usiku huiva haraka.

Pili, kila jumuiya iwe na kitalu kidogo cha miche. Tusipande miti ya kigeni pekee. Tutafute pia mbegu za mvule na miti mingine ya asili. Anayepanda mvule hatauvuna yeye. Hiyo ndiyo maana ya kuupanda.

Tatu, kwa ndugu wavuvi waliorejea au watakaorejea: waheshimu nyavu halali na majira ya kupumzisha ziwa. Mwaka 2024 Tanzania ililifunga ziwa kwa miezi mitatu, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti. Ni miezi migumu kwa familia ya mvuvi, na jumuiya isaidie nyumba hizo, maana faida itakuwa ya wote.

Nne, kwa wakulima wa milimani: wachimbe matuta ya kuzuia maji, na waache majani na miti kandokando ya mito na ziwa. Sheria ya Maji ya Burundi ya mwaka 2012 inataka mita 150 kutoka Ziwa Tanganyika ziachwe.

Tano, wazee wawasimulie watoto. Mtoto aliyezaliwa huku hajui jina la samaki wala la mti wa kwao. Kitu kisichojulikana jina hakililiwi kinapotoweka. Livingstone aliandika majina hayo katika daftari. Ninyi wazee mnayo kichwani, na daftari hilo halitabebwa na Chuma mpaka Bagamoyo. Litafunguliwa jioni kando ya moto, au litazikwa.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA KATIKA JUMUIYA

1. Je, kuna mnyama, samaki au mti ambao babu zetu walimjua na sisi hatumwoni tena? Nini kilimwondoa?

2. Watu wa Ngami walibadilika kwa miaka miwili kwa sababu ya bei. Ni kitu gani leo kinachukuliwa kupita kiasi kwa sababu ya bei?

3. Someni Kumbukumbu la Torati 22:6-7. Sheria hiyo inamwambia nini mvuvi? Inamwambia nini mkata mkaa?

4. Familia yetu inaweza kufanya jambo gani moja kabla ya mvua zijazo?

Tumwombe Mungu aliyewaumba ndagala na tembo, na aliyetuumba sisi, atupe kula bila kumaliza, na siku atakayoturudisha nyumbani tulikute ziwa likiwa hai. Amina.